Kwenye databesi kutoa ruhusa ni rahisi, kuipokonya ndo kazi

Swali tunaloulizwa sana hapa kwenye kitengo chetu cha usalama wa taarifa ni hili, "paswedi zetu ngumu, fayawoli ipo, sasa taarifa zimevujaje?" na ukifungua databesi yenyewe, yani ghala linalotunza taarifa za mfumo, mara nyingi jibu unalikuta limekaa pale pale, watu zaidi ya kumi wote wanaingia na akaunti moja ya admini, ile iliyokuja na databesi siku ya kwanza, na paswedi yake imo kwenye faili la mfumo ambalo kila divelopa analo kwenye laptopu. Hapo hata mdukuzi wa kumsingizia hamna. Logi, yani kumbukumbu za nani kafanya nini, zinasema "admini kafuta", haya, admini yupi?

Tuanze chini kabisa. Databesi haikujui wewe kama mtu, inaijua akaunti, na kila akaunti ina ruhusa zake kwenye kila tebo (jedwali la taarifa), SELECT ni kusoma, INSERT ni kuingiza, UPDATE ni kubadilisha, DELETE ni kufuta. Kumpa mtu ruhusa ni GRANT, kumpokonya ni REVOKE. Inaonekana rahisi mpaka upige hesabu: wafanyakazi 30, tebo 40, ruhusa hizo 4, ni maamuzi 4,800, na hakuna mtu atakaa kuyapitia yote, kwa hiyo admini anachoka anaandika GRANT ALL, yani ruhusa zote kwa mpigo, anaenda zake nyumbani.

Ndo maana kuna majukumu. Jukumu ni kama kofia, yani ruhusa unazibandika kwenye kofia halafu kofia unamvalisha mtu:

CREATE ROLE mhasibu;
GRANT SELECT, INSERT ON mauzo TO mhasibu;
GRANT mhasibu TO asha;

Asha akihamia idara nyingine unamvua kofia, basi, hugusi tebo hata moja. Wazo si geni, lilishaingia kwenye kiwango cha mwaka 1999 cha SQL, lugha ya kuongea na databesi, lakini MySQL, moja ya programu za databesi, walikuja kulipata kwenye toleo la 8.0 mwaka 2018, ndo maana mifumo mingi ya zamani bado imejaa ruhusa za mtu mmoja mmoja. PostgreSQL, programu nyingine ya databesi, wao toka toleo la 8.1 mwaka 2005 hawatofautishi hata mtumiaji na kundi, vyote ni jukumu, ila lingine linaruhusiwa kuingia na lingine haliruhusiwi.

Sasa mitego, na hapa naomba tuende taratibu kwa sababu ndo panapoharibika. Kwenye MySQL ukimpa mtu jukumu halianzi kufanya kazi lenyewe, mpaka uweke SET DEFAULT ROLE au uwashe mpangilio wa activate_all_roles_on_login. Nimeona ofisi moja kijana kapewa jukumu sawasawa, akiingia anagomewa, akampigia admini, admini kajaribu mara mbili kachukia, akampa GRANT ALL kwenye databesi nzima "ili kazi iende" na ikabaki hivyo miezi. Kwenye PostgreSQL mtego ni mwingine, ruhusa ya tebo bila USAGE (ruhusa ya kutumia) kwenye skima, yani fungu lililoibeba tebo hiyo, haikufikishi popote, na ukiandika ON ALL TABLES inashika tebo zilizopo leo tu, ya kesho haimo, labda utumie ALTER DEFAULT PRIVILEGES, nayo inahusu tebo zitakazotengenezwa na akaunti uliyoitaja, akitengeneza mwingine ngoma inarudi palepale.

Kupokonya sasa. Ukiandika REVOKE kwa Asha lakini ruhusa ileile anayo kupitia kofia ya mhasibu, bado anasoma kama kawaida, na PostgreSQL wala haikwambii kitu. Ukiwa ulimpa ruhusa ya tebo nzima ya mishahara halafu ukajaribu kumnyima kolamu moja tu, haisaidii, inabidi umpokonye tebo nzima umpe upya kolamu anazostahili. SQL Server, databesi ya Microsoft, wao wana DENY ya kunyima, yenyewe inaishinda GRANT hata kama ruhusa imetoka kwenye jukumu. Na WITH GRANT OPTION, mimi binafsi siipendi, unampa mtu ruhusa pamoja na uwezo wa kuigawa, naye kagawa, waliogawiwa wamegawa, siku unataka kuivuta PostgreSQL inakataa mpaka uongeze CASCADE, na ukiongeza unawang'oa wote mpaka wale hukujua kama wapo.

Mfumo wenyewe, yani programu inayotumia databesi, nao upewe akaunti yake, isiyomiliki tebo. Mtu akifanikiwa kupenyeza amri zake za SQL kwenye fomu ya kuingilia, akaunti isiyo na ruhusa ya kufuta tebo haitafuta tebo hata aandike DROP, amri ya kuondoa tebo nzima, mara mia. Ila tusidanganyane, chochote ambacho mfumo unaruhusiwa kusoma na yeye atakisoma, kwa hiyo kama mfumo hauna haja na tebo ya mishahara usiupe. Hili la kumpa kila mmoja kile tu kazi yake inachohitaji walishaliandika watafiti wa usalama wa kompyuta Saltzer na Schroeder mwaka 1975, sisi bado tunabishana.

Mfanyakazi akiondoka usikimbilie kufuta akaunti, PostgreSQL itagoma kama anamiliki kitu. Kwanza mzuie kuingia kwa ALTER ROLE na NOLOGIN, kama bado yuko ndani mkate, halafu REASSIGN OWNED kuhamisha mali zake, kisha DROP OWNED kusafisha ruhusa zilizobaki, na hizo mbili unazirudia kwenye kila databesi alikokuwa na kitu, ndo mwisho DROP ROLE.

Kama hujawahi kuangalia, ingia sasa hivi, kwenye psql, dirisha la kuandikia amri za PostgreSQL, andika \du uone majukumu na \dp uone ruhusa za tebo, kwenye MySQL soma mysql.user halafu SHOW GRANTS kwa kila akaunti. Ukikutana na jina la mtu aliyeacha kazi mwaka juzi, anza na hilo.