Mafuta ghafi ni nini, na kwa nini ya Ziwa Albert huganda?

Tangu mwaka 2006, ilipothibitishwa kwamba bonde la Ziwa Albert, magharibi mwa Uganda, lina mafuta ya kutosha kwa biashara, kuna swali lisilokauka midomoni mwa watu, Hoima hadi Kampala: bei ya petroli itashuka lini? Ni swali la haki, ila linaruka hatua moja kubwa. Kilichoko ardhini Buliisa na Kikuube, wilaya za kando ya ziwa hilo, si petroli. Ni mafuta ghafi, na ghafi ukiyatia kwenye tangi la boda boda, hiyo pikipiki haiendi popote.

Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa maelfu ya kemikali. Asili yake ni mwani na viumbe vidogo vya majini vilivyokufa, vikafukiwa na matope, kisha vikaivishwa na joto la ardhini kwa mamilioni ya miaka. Sehemu kubwa ya uzito wake, kati ya asilimia 83 na 87, ni kaboni. Haidrojeni ni asilimia 10 hadi 14. Kinachobaki ni salfa, naitrojeni, oksijeni na chembe za metali kama nikeli na vanadi.

Kaboni na haidrojeni zikiungana, tunapata haidrokaboni, na hapa ndipo penye ufunguo wa somo zima. Atomu za kaboni hushikana kwa mnyororo. Mnyororo unaweza kuwa mfupi au mrefu, ukawa na matawi, au ukajikunja kuwa pete. Kadiri unavyorefuka, ndivyo molekuli zinavyong'ang'aniana, na ndivyo joto kubwa zaidi linavyohitajika kuzigeuza mvuke. Methani, yenye kaboni moja, huchemka kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri. Propani, yenye kaboni 3, kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Okteni yenye kaboni 8 huchemka karibu na nyuzi 126. Ukifika kaboni 16, ambazo ni za kwenye dizeli, unahitaji takriban nyuzi 287.

Jambo hili linaonekana kwenye kituo chochote cha mafuta. Petroli ikidondoka kwenye sakafu ya saruji, harufu inapanda mara moja na doa linakauka ukiliangalia. Dizeli ikidondoka hapo hapo, doa linakaa, linanasa vumbi, linakuwa jeusi. Mtungi wa gesi ya kupikia nao una propani na butani zilizobanwa hadi zikawa maji maji. Ukifungua jiko, shinikizo linapungua na zinachemka humo humo ndani bila moto wowote, kwa joto la chumba tu. Ndiyo maana mtungi unaotumika kwa nguvu huwa baridi ukiugusa.

Kusafisha mafuta, basi, huanza kwa kupanga minyororo hiyo kwa urefu. Anayepika waragi anaijua kanuni yenyewe: pombe hutangulia maji kuwa mvuke, na mvuke ukipozwa hurudi kuwa kimiminika. Kiwandani, ghafi huondolewa chumvi na maji, hupashwa kwenye tanuru hadi nyuzi 350 au zaidi kidogo, kisha huingizwa chini ya mnara mrefu wenye sahani nyingi zilizopangwa juu kwa juu. Chini kuna joto kali, kileleni ni zaidi kidogo ya nyuzi 100. Kila aina ya mvuke hupanda hadi inapokuta ubaridi unaoitosha, ikageuka kimiminika na kukusanywa. Gesi na petroli nyepesi hutokea juu kabisa, mafuta ya taa na ya ndege chini yake, kisha dizeli. Mabaki mazito hubaki chini. Hayapashwi zaidi ya hapo, kwa sababu yangevunjika na kuacha makaa kwenye mabomba. Hupelekwa kwenye mnara wa pili wenye ombwe, yaani ulioondolewa karibu hewa yote, ambako huchemka kwa joto dogo zaidi. Yanayobaki huko ndiyo hutengenezewa lami.

Lakini mnara hauumbi kitu, unatenganisha tu vilivyokuwemo. Kwa maoni yangu ufundi wenyewe wa kiwanda uko kwenye hatua inayofuata, ya kuvunja minyororo mirefu. Kwa msaada wa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kemikali bila chenyewe kuisha, na joto linalozidi nyuzi 500, molekuli ya kaboni 16 inaweza kukatika ikawa mbili za kaboni 8, na mafuta mazito yasiyo na soko kubwa yakawa petroli. Hatua nyingine hutumia platinamu kugeuza minyororo iliyonyooka kuwa pete na matawi, kwa sababu iliyonyooka huwaka kabla ya wakati na injini hugonga. Salfa nayo huondolewa kwa haidrojeni.

Mafuta ya Ziwa Albert yana salfa kidogo, na hiyo ni heri kwa msafishaji. Tatizo lake ni nta: minyororo mirefu iliyonyooka, ya kaboni 20 na kuendelea, ambayo hugandana ghafi ikipoa. Huko chini mwambani yana joto na hutiririka. Yakifika juu yakaachwa kwenye hali ya hewa ya kawaida, huganda yasimiminike tena. Ndiyo sababu bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki (EACOP), la kilomita 1,443 kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga, limebuniwa kupashwa joto njia nzima, mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50.

Hapo hapo Kabaale ndipo kilipopangwa kiwanda cha kusafisha mapipa 60,000 kwa siku, na mkataba wake na kampuni ya Alpha MBM ya Umoja wa Falme za Kiarabu ulitiwa saini mwaka 2025. Pipa moja ni lita 159, lakini halitoi lita 159 za petroli. Humo mna gesi, mafuta ya taa, dizeli na mabaki mazito pia, na ghafi yenye nta ikikosa mitambo ya kuvunja minyororo, fungu la mabaki huwa kubwa.