Mionzi ya dozi ndogo: mbona wataalamu wenyewe hawakubaliani?

Mtu akiandikiwa picha ya kifua mara ya tatu ndani ya mwaka, swali humtoka akiwa bado mlangoni: "Hii mionzi hainidhuru?" Huambiwa "haina shida", akaingia na wasiwasi wake uleule. Jibu hilo si uongo, ila limefupishwa mno. Hapa tujaribu kulirefusha kidogo.

Mionzi gani hasa tunayoizungumzia?

Ile yenye nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu, ambayo wataalamu huiita mionzi ayonisha. Inatoka kwenye eksirei na siti skani, kwenye madini kama urani na thoriamu, kwenye gesi ya radoni inayofuka ardhini, na hata angani. Simu na minara yake haimo. Minara ina ubishi wake, lakini huo ni ubishi mwingine na sitauchanganya na huu.

Dozi yake hupimwa kwa milisiverti. Kwa wastani, binadamu hupokea kama 2.4 kwa mwaka kutoka kwa maumbile tu, bila kukanyaga hospitali. Picha moja ya kifua ni 0.1 au chini ya hapo. Siti skani ya tumbo hufika 8 hadi 10, na hapa ndipo wengi hushtuka, maana wao huona mashine zote ni "kupiga picha" tu. Wataalamu wakisema dozi ndogo, kwa kawaida wanamaanisha chini ya 100.

Kwani hadi leo madhara hayajulikani?

Ya dozi kubwa yanajulikana vizuri. Mabomu yalipoangushwa Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, walionusurika walianza kufuatiliwa rasmi kuanzia 1950, na ufuatiliaji unaendelea. Kila mmoja alikadiriwa dozi yake: alikuwa umbali gani, nyuma ya ukuta gani. Waliopata mionzi mingi walipata saratani zaidi. (Msomaji wa Katanga ana sababu ya pekee ya kulijua hili: sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani uliotengeneza mabomu hayo ya atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, hukohuko Katanga.)

Tatizo linaanza dozi inapopungua, kwa sababu saratani ya mionzi haina alama usoni. Inafanana na saratani nyingine yoyote. Chukua hesabu ya jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani la mwaka 2006: watu 100 wakipata milisiverti 100 kila mmoja, mmoja wao atapata saratani kwa sababu ya mionzi hiyo. Lakini katika watu haohao 100, wengine 42 wangeugua saratani maishani mwao hata bila mionzi. Sasa mtafute huyo mmoja kati ya 43!

Na kadiri dozi inavyoshuka, ndivyo kumtafuta kunavyozidi kuwa kugumu. Kama watu 500 wanatosha kuona athari ya milisiverti 1,000, basi kwa milisiverti 100 utahitaji 50,000, na kwa 10 utahitaji milioni tano. Dozi ikipungua mara kumi, watu wa kuwapima wanaongezeka mara mia. Ubishi wote umezaliwa hapo.

Kama hayaonekani, si ina maana hayapo?

Alice Stewart angekujibu. Alikuwa daktari pale Oxford, Uingereza, katika miaka ya 1950, wakati saratani ya damu kwa watoto ilipokuwa ikiongezeka na hakuna aliyejua sababu. Yeye akaamua kuwauliza mama zao. Aliandaa hojaji, akawapa maofisa wa afya wa wilaya wakawahoji mama waliofiwa na watoto, na wengine ambao watoto wao walikuwa wazima. Mama alikula nini, aliugua nini, alipigwa picha?

Enzi hizo hapakuwa na altrasaundi. Daktari akitaka kujua mtoto amekaaje tumboni, au kama ni mapacha, alimpeleka mama eksirei. Matokeo ya kwanza ya Stewart yalitoka 1956, na kamili mwaka 1958: mama waliofiwa walikuwa wamepigwa picha ya tumbo wakati wa ujauzito karibu mara mbili ya wenzao. Dozi yenyewe ilikuwa kama milisiverti 10 tu.

Hakupongezwa. Madaktari walisema mama aliyefiwa hukumbuka kila kitu, mwenzake mwenye mtoto mzima husahau, kwa hiyo tofauti ni ya kumbukumbu. Si hoja ya kijinga hata kidogo, mimi ningeiuliza. Ila mwaka 1962 Brian MacMahon wa Harvard aliacha kuuliza mtu, akafungua mafaili ya hospitali yaliyoandikwa kabla watoto hawajazaliwa. Akakuta hatari imeongezeka kwa kama asilimia 40. Hata hivyo ilichukua miaka mingi zaidi kabla ya picha hizo kupungua, na altrasaundi ilisaidia zaidi kuliko hoja.

Wapo wanaobisha hadi leo. Wanasema watoto waliokuwa tumboni Hiroshima na Nagasaki hawakuonyesha ongezeko la wazi la saratani ya damu utotoni. Wanajibiwa kwamba watoto hao walikuwa wachache mno kulionyesha. Umeona? Tumerudi kwenye hesabu ileile.

Kambi mbili zinasema nini basi?

Kambi ya kwanza inachora mstari ulionyooka kutoka dozi kubwa hadi sifuri: kila tone la mionzi lina hatari yake, hata kama ni ndogo mno. Kinga ya mionzi duniani imejengwa juu ya mstari huo. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi inashauri mwananchi asizidishiwe zaidi ya milisiverti 1 kwa mwaka (ya maumbile na ya hospitali haihesabiwi humo), na mfanyakazi wa mionzi 20 kwa wastani.

Kambi ya pili inasema mwili si ukuta wa udongo unaomomonyoka kila ukiguswa. Seli hukarabati vinasaba vyake kila siku, kwa hiyo chini ya kiwango fulani madhara hufutika. Vyuo vya Sayansi na Tiba vya Ufaransa vilielekea huko mwaka 2005, mwaka mmoja tu kabla ya lile jopo la Wamarekani kuutetea mstari. Wapo pia wanaodai mionzi kidogo ni dawa. Kule Gastein, Austria, watu hulipia kukaa kwenye handaki lenye radoni.

Ushahidi wenyewe umegawanyika. Karunagappally, Kerala, nchini India, mchanga wa pwani una thoriamu nyingi; wakazi karibu 70,000 walifuatiliwa, na ripoti ya 2009 haikuona saratani kuzidi. Lakini utafiti wa wafanyakazi wa nyuklia wa Ufaransa, Uingereza na Marekani, watu kama 310,000, ulionyesha mwaka 2023 kwamba vifo vya saratani hupanda na dozi, hata dozi ndogo. Mwaka huohuo utafiti wa nchi tisa za Ulaya ukakadiria kwamba kati ya watoto na vijana 10,000 wanaopigwa siti skani, mmoja au wawili watapata saratani ya damu kwa sababu yake ndani ya miaka 12.

Mimi nauona mstari una nguvu zaidi, hasa kwa watoto. Ila ni mstari wa kupangia tahadhari, haukuchorwa kuhesabia maiti. Kuchukua dozi isiyofika hata milisiverti moja, ukaizidisha kwa mamilioni ya watu, kisha ukatangaza vifo maelfu, ni jambo ambalo tume yenyewe imelikataza.

Woga nao una madhara?

Sana. Baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mwaka 2011, zaidi ya watu 2,000 wa mkoa ule walihesabiwa kufa kutokana na adha za maafa na kuhamishwa, wengi wao wazee waliotolewa hospitalini na kwenye nyumba za kutunzia wazee. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya wanasayansi wa mionzi haijaona madhara ya kiafya kwa wakazi yaliyosababishwa moja kwa moja na mionzi yenyewe.

Na sisi tunaoishi karibu na mawe yenye mionzi?

Mlima Mrima kule Kwale, na Minjingu kwenye fosfati mkoani Manyara, mionzi ya ardhini iko juu kuliko kawaida. Kuishi huko si hukumu ya kifo. Jambo la kuangalia ni vumbi la machimbo, na mawe au mchanga wa machimboni kujengea nyumba ya kulala.

Nikiandikiwa siti skani, nikatae?

Uliza kwanza: jibu lake litabadilisha matibabu yangu? Altrasaundi au MRI, ambazo hazina mionzi hii, zinaweza kutosha? Umegonga kichwa na unatapika, usibishane, ingia. Kama ni mtoto, uliza iwapo mashine imepangwa kwa dozi ya mtoto. Na tunza picha zako za zamani. Nyingi hurudiwa kwa sababu tu bahasha imepotea.

Nilipigwa picha ya kifua kabla sijajua nina mimba. Niitoe?

Hapana. Kwa picha ya kifua, kinachomfikia mtoto hakifiki hata milisiverti 0.01. Tume ile ya kimataifa inasema dozi ya mtoto ikiwa chini ya 100 si sababu ya kutoa mimba, na vipimo vya kawaida vya hospitali haviifikii. Mwaka 1986, baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Chernobyl, wanawake wengi Ugiriki walitoa mimba kwa hofu, ilhali mionzi iliyowafikia haikukaribia milisiverti 100. Mweleze mkunga tarehe ya picha na sehemu iliyopigwa, aandike kwenye kadi, uendelee na kliniki.