Jack Russell ni mbwa gani, na hilo jina la mtu limetoka wapi

Jack Russell ni mbwa wa aina ya teria, kwa hiyo tuanze na neno teria lenyewe, maana wengi wanadhani ni jina tu la kambwa kadogo kenye kelele. Asili yake ni Kilatini, terra, yaani ardhi, likapitia kwa Wafaransa ndo likafika Uingereza, kwa hiyo teria ni mbwa wa shimoni, anayemfuata mnyama mpaka chini ya ardhi huko huko alikojificha, awe mbweha, awe panya buku. Ndo maana ukimfuga halafu asubuhi ukakuta bustani imechimbwachimbwa usimchape bure, kazaliwa na hiyo kazi.

Sasa Jack Russell ni mtu, tena mchungaji wa kanisa la Anglikana. John Russell, kazaliwa 1795 Dartmouth, mkoa wa Devon kusini magharibi mwa Uingereza, na Jack ni jina la kuitana tu la kina John. Mwaka 1819 bado anasoma Oxford, inasimuliwa siku moja katembea nje ya mji akakutana na muuza maziwa ana mbwa jike mweupe, mabaka ya kahawia machoni na masikioni, na kadoa kamoja pale mkia unapoanzia kasikozidi sarafu ya peni, akampenda hapo hapo na hakuondoka bila kumnunua. Mbwa aliitwa Trump (ndiyo, hivyo hivyo, siasa tuziache). Huyo Trump ndo anahesabiwa bibi wa ukoo wote.

Huyu mchungaji baadaye alipewa kanisa la Swimbridge, huko huko Devon, na alikuwa anapenda kuwinda mbweha kupita kiasi, mpaka askofu wake wa Exeter akamwambia aachane na hao mbwa, lakini wapi. Uwindaji wenyewe ulikuwa hivi: watu wako juu ya farasi, kundi la mbwa wakubwa linamfukuza mbweha, mbweha akizidiwa anazama shimoni, na hapo mbwa mkubwa haingii. Ndo anaitwa teria. Anaingia, anabweka, anamsumbua mbweha mpaka atoke mbio ziendelee, na hatakiwi kumuua, akimuulia chini mchezo umeisha na wenye farasi wamekasirika. Kwa hiyo Russell alitaka mbwa mwenye miguu mirefu kidogo asiachwe na farasi, kifua chembamba kinachoshikika kwa viganja viwili ili shimo lisimbane, na rangi nyeupe, maana akitoka shimoni kajaa udongo hao mbwa wakubwa wasije wakamrarua wakidhani ndo mbweha. Mimi hapo kwenye weupe ndo nilipomwelewa mzee, kila kitu kwa huyu mbwa kina sababu yake.

Cha ajabu Russell alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Kennel Club mwaka 1873, chama kinachosimamia mbegu za mbwa Uingereza, na kwenye maonyesho ya mbwa alikuwa jaji, lakini mbwa wake mwenyewe hakuwapeleka, aliona mbwa wa maonyesho wanafugwa kwa sura, kazi hawaijui. Akafariki 1883.

Baada ya yeye jina likaanza kutumika ovyo. Teria yeyote mweupe wa kuwindia akawa Jack Russell, na baada ya vita kuu ya pili, kazi ya shimoni ilipopungua, watu wakachanganya na mbwa wengine wafupi, ndo wakatokea wale wenye miguu mifupi unaowaona kwenye matangazo na filamu. Leo wamegawanywa mbegu mbili: mwenye miguu mirefu, kama sentimita 33 hadi 36, anaitwa Parson Russell, yaani Russell wa mchungaji, Kennel Club ilimtambua 1990, na mfupi, sentimita 25 hadi 30, ndo kabaki na jina la Jack Russell. Huyo mfupi Waaustralia ndo waliomtengeneza vizuri na kumwandikia vigezo, kwao Uingereza akaja kutambuliwa 2016 tu! Ukitaka kununua muulize muuzaji ni yupi kati ya hao wawili, na angalia miguu ya mama yake kabla hujatoa hela.