“Tuleteeni Wahandisi Kwanza”: Dhana Potofu Kuhusu Usimamizi wa Maji

Kila ninapoitwa kufundisha kamati za maji, kabla sijaandika neno ubaoni mtu husimama na kusema: “Mwalimu, shida yetu ni ya kitaalamu. Mambo ya imani na mitazamo ya watu tuyaache.” Nimelisikia neno hili mara nyingi mno. Leo nalijibu kwa maandishi, ili atakayelirudia awe ameshalisoma jibu lake.

DHANA: Maji ni suala la kiufundi, fikra za watu hazina uzito.

UKWELI: Hakuna mchoro wa bwawa usiobeba fikra. Anayeuchora keshaamua moyoni maji ni nini: bidhaa, haki, amana ya vizazi vijavyo, au umeme unaopotelea baharini. Fikra hiyo ikishazoeleka ofisi nzima, hakuna anayeiona tena kuwa ni fikra. Wote huiona kuwa ndiyo hali halisi, na anayeihoji huambiwa hajasoma.

Tazama Bali, Indonesia. Kwa karne nyingi wakulima wa mpunga wa kisiwa hicho wamegawana maji kupitia vyama vyao viitwavyo subak, na ratiba hupangwa kwenye mahekalu ya maji: nani apande lini, nani apumzishe shamba. Miaka ya 1970 serikali ilileta mbegu zinazokomaa haraka, ikawahimiza wakulima wapande mfululizo bila kungojea kalenda ya hekalu. Kwa wapangaji, ibada ilikuwa jambo moja na umwagiliaji jambo jingine. Haikupita miaka mingi, wadudu na magonjwa ya mpunga yakafumuka na zamu za maji zikavurugika.

Kilichotokea kinaeleweka. Mashamba jirani yakipumzishwa kwa pamoja, wadudu hukosa chakula na kizazi chao hukatika. Lakini wakulima wote wa bonde wakipanda kwa pamoja, wote watataka maji siku zilezile, na mto hautoshi. Kalenda ya hekalu ilikuwa ikipima haya mawili, lisizidi hili wala lile. Mwanaanthropolojia Stephen Lansing na mwanaikolojia James Kremer waliiweka hesabu hiyo kwenye kompyuta, wakakuta kwamba uratibu unaofanana na ule wa mahekalu ndio unaoleta mavuno mazuri. Mwaka 2012 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, iliuingiza mfumo wa subak katika urithi wa dunia.

Sisemi kila penye mfereji pajengwe hekalu. Nasema kile wapangaji walichokiita imani ndicho kilichokuwa bodi ya maji. Na wao walikuwa na imani yao, kwamba anayepanda mara nyingi huvuna zaidi. Hiyo hawakuihoji, kwa sababu ilikuja imevaa nguo za utaalamu.

Wala usidhani haya huwapata wakulima wadogo tu. Mkataba wa mto Colorado, Marekani, wa mwaka 1922 uligawa mto mafungu mawili, kila moja takriban kilomita za ujazo 9.25 kwa mwaka. Vipimo vilivyotegemewa vilichukuliwa katika miaka ya mvua nyingi kuliko kawaida. Walikuwapo wataalamu walioonya kwamba mto hauna maji kiasi hicho, lakini wazo la kuigeuza nchi kame kuwa mashamba lilikuwa limeshapendwa mno. Takwimu zilikuwapo mezani. Zilizosikilizwa ni zile zilizolifurahisha wazo. Leo mto huo kwa kawaida hukauka kabla ya kufika baharini.

Ushauri wangu ni uleule kila semina: kabla ya kupima ardhi, kaa siku mbili kwenye banio, pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini. Uliza nani hufungulia maji usiku, nani hunyimwa, na humnyima kwa maneno gani. Sikiliza kama wanasema “maji yetu”, “maji ya serikali” au “maji ya mradi”. Panaposemwa “maji ya mradi”, jiandae: koki ikiharibika hakuna atakayeitengeneza. Mita zifungwe baadaye.

DHANA: Cha wote hakina mwenyewe, lazima kitaharibika.

UKWELI: Mwanaikolojia Garrett Hardin aliieneza hoja hii mwaka 1968, na baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba alipaswa kusema kinachoharibika ni mali ya wote isiyo na usimamizi. Mtaalamu wa sayansi ya siasa Elinor Ostrom alichunguza jamii zilizosimamia maji, misitu na malisho kwa kanuni zao wenyewe, na mwaka 2009 akapata tuzo ya Nobel ya uchumi. Huko Valencia, Hispania, mahakama ya maji ya wakulima bado hukutana kila Alhamisi mlangoni pa kanisa kuu na kuamua kesi kwa mdomo, hapohapo.

DHANA: Maji yakiitwa haki, hakuna atakayelipa bili.

UKWELI: Azimio la Umoja wa Mataifa la Julai 28, 2010, lililoyatambua maji kuwa haki ya binadamu, linataka maji yawe salama, yafikike na watu wayamudu. Halikusema ni ya bure. Hata kanuni za mkutano wa kimataifa wa maji wa Dublin, Ireland, za mwaka 1992, zilizoyaita maji bidhaa ya kiuchumi, zilitanguliza haki ya kila mtu kuyapata kwa bei anayoimudu. Wanaozinukuu huishia katikati.

DHANA: Tunga sheria, fikra zitafuata.

UKWELI: Mara nyingi ni kinyume chake. Mwaka 2017 New Zealand iliutambua mto Whanganui kuwa na hadhi ya mtu kisheria. Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wanaoishi katika bonde hilo walikuwa wakiuita mto jamaa yao na kuudai tangu karne ya 19. Bunge ndilo lililochelewa. Sheria hiyo imeweka watu wawili wa kuusemea mto, mmoja akipendekezwa na wenyeji wa bonde na mwingine na serikali.