Kuelea Si Kuogelea

Juzi nimelisikia tena lile kosa la kusema kuelea badala ya kuogelea, jetini Lamu, boti ya kwenda kijiji cha Shela ikingoja abiria. Kijana mmoja mgeni kajibana katikati, mikono yote miwili imeng'ang'ania ubao. "Mimi huko ukingoni sikai, sijui kuelea." Nahodha akacheka. Mimi sikucheka, maana hata wenyeji siku hizi wanasema hivyohivyo.

Kuelea ni kukaa juu ya maji bila kuzama. Kuogelea ni kwenda majini kwa nguvu ya mikono na miguu. Hiyo ndiyo maana, haina marefu.

Linalonikera ni hilo "sijui". Kuogelea hujifunzwa, na neno lenyewe lina jasho ndani yake: kuoga, kuogea, kuogelea, kama vile kwenda, kuendea, kuendelea. Ni kulishikilia jambo na kulirudia. Kuelea hakuna jasho. Nazi yaelea, na hakuna aliyeifunza. Hata jahazi, ambalo wahenga wametukumbusha kwamba ukiona vyaelea vimeundwa, fundi akishalishua kazi yake imekwisha. Maji ndiyo yanayolibeba. Mtu akichafukwa na roho husema moyo wamwelea, wala hakuutuma. Jambo likimfunukia husema limemwelea, na hapo ndipo tunapoyasikia maneno kueleza na kuelewa. Wenye kamusi wakitaka kuvitenga vitenzi hivyo na wavitenge. Masikio yangu huyasikia yote kama mambo yanayomjia mtu, si anayoyatenda.

Basi kwa nini asiyejua kuogelea hushindwa na kitu ambacho hata nazi hukipata bure? Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi. Mwili wa watu walio wengi, kifua kikijaa pumzi, hauifikii gramu 1,000 kwa lita. Kwa mtu wa kilo 70, bahari humsukuma juu kwa ziada ya kilo chache tu. Kichwa peke yake kina karibu kilo tano. Anayetaka kukitoa kichwa chote, na mabega, na mikono ya kupungia watu, anayadai maji deni ambalo hayana. Yeye hajui hesabu hiyo. Anachojua ni kwamba maji yamemfika mdomoni, kwa hiyo anasimama wima na kujaribu kupanda, kana kwamba mbele yake kuna ngazi. Hofu nayo inamkatakata pumzi, kifua hakijai, ziada ile ndogo inapotea, na hofu inazidi.

Watu husema mfa maji haachi kutapatapa, wakadhani atapiga kelele na maji yataruka. Mimi naipenda ile nyingine: mfa maji hukamata maji. Ndivyo ilivyo hasa. Mikono huyabonyeza maji kwa chini, mdomo huibuka na kuzama, na sauti haitoki, kwa sababu pumzi inayopatikana haitoshi hata kuvutwa, sembuse kuita. Anaweza kwisha kimya katika dakika moja, wenziwe wakipiga soga hatua chache tu. Ukimwona hivyo mtupie dumu tupu lililofungwa kifuniko. Ukimrukia, atakupanda wewe.

Aliyetumbukia, kinyume chake, alale chali. Masikio yaingie majini (hili ndilo watu hawalipendi), macho yatazame mbingu, mikono itanuliwe, kifua kijazwe, na pumzi itoke polepole. Miguu ikishuka kidogo aiache ishuke, na viganja vikitaka kupapasa maji taratibu si vibaya. Uso tu ndio ubaki nje, na uso unatosha. Ila kuelea hakumfikishi mtu kisiwa cha Manda, ng'ambo ile: mkondo ule wa kati hapa, hasa maji ya bamvua, yale maji makuu, utamchukua utakako wenyewe. Atakachopata ni muda wa boti kumfikia.

Tuliposhuka Shela nilimgusa bega yule kijana. "Mwanangu, kuogelea kweli hujui. Kuelea sema hujajaribu." Akayatazama maji ya ufukweni, yalikuwa ya magotini tu, akaniuliza kama nguo zikilowa zitakauka kabla ya boti ya kurudi.