Karafuu kwenye jino bovu

Pemba hakuna asiyeijua dawa hii: jino likiuma, chukua karafuu moja, iweke kwenye tundu, uiume taratibu. Maumivu hupungua kweli. Ndani ya karafuu mna yujenoli, mafuta yale yale ambayo sisi wa meno huyachanganya na unga wa zinki ili kutuliza jino na kuliziba kwa muda. Siwalaumu hata kidogo wanaofika kwangu na kipande cha karafuu kimekwama kwenye gego. (Mafuta makali kama yanayotoka kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi ni jambo jingine, ukiyadondosha kinywani bila kuyapunguza nguvu, yanaunguza fizi.) Taabu ni kwamba karafuu hunyamazisha maumivu tu, na tundu linazidi kuchimbika.

Kwa mtu asiye na akiba, maumivu ndiyo yanayopanga safari. Mvuvi wa Msuka au mama anayeuza chapati Konde haachi kazi ya siku nzima, akalipa nauli mpaka Wete, kwa jino lisilomuuma. Anapokuja, ubovu umeshafika kwenye kiini, shavu limevimba, na neno lake ni moja: "Mwanangu, ling'oe tu nipumzike." Kutibu mzizi kunataka pesa zaidi na kurudi tena, kung'oa kunakwisha siku ile ile. Namwelewa. Ninachokikataa ni ile kauli kwamba maskini hawajali meno yao.

Kinywani mna vijidudu vinavyokula sukari na kutoa tindikali, nayo hunyonya madini ya jino. Mate huanza kuyarudisha, lakini yanahitaji kama nusu saa hadi saa nzima ya utulivu. Kwa hiyo idadi ya mara unazokula sukari ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mtoto anayemung'unya ubuyu wa rangi punje moja moja tangu asubuhi mpaka alasiri hayapi mate nafasi. Aule wote kwa pamoja baada ya chakula cha mchana, na madhara yatapungua sana. Chai ya sukari inayonywewa funda funda kutwa nzima ni vivyo hivyo.

Uozo huanza na doa jeupe, kama chaki. Hapo jino bado linaokoleka bila sindano, kwa dawa ya meno yenye floraidi mara mbili kwa siku. Ya bei rahisi inatosha, mradi ina floraidi sehemu 1000 hadi 1500 kwa milioni. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Msuaki wa mti husafisha vizuri ukiufikisha magego ya nyuma, ila kinga ya floraidi hauitoshelezi. Mwezi wa Ramadhani, piga dawa baada ya futari na baada ya daku, kabla ya alfajiri.

Fizi nazo zikitoa damu, wengi huacha kupasugua pale pale. Fanya kinyume: sugua taratibu, kila siku, maana damu ile mara nyingi inatokana na ukoga uliobaki. Ukishakuwa mgumu, msuaki hauutoi tena. Unakwanguliwa na mtaalamu. Mwenye ugonjwa wa sukari asingoje, kwani fizi mbovu na sukari isiyodhibitiwa huzidishana.

Na si kila tundu linataka mashine. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianza njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba tundu bila umeme; siku hizi huzibwa kwa saruji ya ionoma ya kioo, kizibo kinachoshikana chenyewe na jino. Shirika la Afya Duniani liliiunga mkono mwaka 1994. Kazi hii inafanyika hata kwenye darasa la skuli ya shamba, na nitaendelea kudai vifaa vyake vifike vituo vya afya vya vijijini.

Wazazi, gego la kwanza la utu uzima hutoka mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wengi hudhani litabadilika. Halibadiliki. Mkalishe mwangani, mwangalie huko nyuma, na ukiona doa jeupe au jeusi mlete, hata kama hajalalamika.