Ugatuzi wa mtandao ni kitu gani, na unaingiaje kwenye habari ya kupiga window (kuweka upya Windows kwenye kompyuta)

Neno ugatuzi, yaani kugawa madaraka badala ya kuyaweka sehemu moja, Wakenya wanalijua kuliko sisi, maana tangu katiba yao ya 2010 wana kaunti 47 na kila moja ina gavana wake na bajeti yake na makelele yake. Ukisikia mtu anakwambia Mastodon ni mtandao wa kijamii uliogatuliwa, anza na picha hiyo, ila uondoe Nairobi. Yaani kaunti tupu, hakuna makao makuu juu yake.

Kwa mtu wa Bongo mi huwa natumia mfano wa pesa ya simu. Zamani kumtumia hela mtu wa mtandao mwingine ilikuwa shughuli, ndo maana watu walitembea na laini tatu mfukoni, halafu 2014 Tigo na Airtel na Zantel wakaanza kuunganisha na Voda akaja kuingia 2016, leo uko mtandao wako na mi niko wangu na hela inafika. Hakuna aliyehamishwa. Kampuni ni tofauti, ada tofauti, mabosi tofauti, ila wamekubaliana namna ya kuongea.

Mastodon ni hivyohivyo. Aliianzisha Eugen Rochko akiwa Ujerumani mwaka 2016, na sio tovuti moja kama Facebook, ni programu ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bure akaiweka kwenye seva yake, yaani kompyuta inayohudumia watu mtandaoni. Mi nina akaunti seva hii, we seva ile, tunafuatana na kujibizana kama kawaida. Ndo maana jina lako linakuwa na mkia kama imeili, jina halafu seva. Lugha wanayoongea hizo seva inaitwa ActivityPub, ilipitishwa kuwa kanuni rasmi 2018, na wanaiongea wengine pia, Pixelfed ya picha, PeerTube ya video, hata Threads ya Meta imeanza kuiongea kidogo kidogo.

Sasa hapa ndo watu wanateleza. Wanasikia "imegatuliwa" wanaelewa "haina mwenyewe". Inao wenyewe, tena wengi! Kila seva kuna mtu analipa bili, na huyo mtu anaweza kukufuta, anaweza kufungia seva nyingine nzima msionane, na akitaka anaweza hata kusoma meseji zako za pembeni maana hazifungwi kama za WhatsApp. Tofauti ni kwamba akikuudhi unahama na watu bado unawapata. Elon Musk alivyoinunua Twitter 2022 kwa dola bilioni 44, aliyekuwa humo alikuwa na mawili tu, akae au aache kila kitu. Kwenye Mastodon unahamia seva nyingine na wafuasi wako wanakuja nawe, ila posti za zamani zinabaki kulekule, hilo wengi hawaambiwi mpaka wahame.

Na programu kuwa wazi sio lazima mtandao uwe umegatuliwa. Truth Social ya Trump imejengwa juu ya programu ya Mastodon, lakini imejifungia ndani na haiongei na seva nyingine yoyote. Bluesky nayo kanuni zake zinaruhusu ugatuzi ila watu karibu wote wamejazana kwenye seva za kampuni yenyewe, kwa hiyo mi kwangu bado ni nyumba moja yenye milango mingi.

Kuhusu serikali kufunga mtandao, inasaidia kiasi. Uganda Januari 2021 kabla ya uchaguzi walifunga Facebook, mlango mmoja umepigwa kufuli kila mtu yuko nje. Seva elfu kuzifunga moja moja ni kazi. Lakini wiki hiyohiyo walizima intaneti yote kwa siku kadhaa, hapo hata ungekuwa na seva yako mwenyewe chini ya kitanda ungeongea na ukuta.

Haya, window. Swali la kompyuta ni lilelile tu, nani ana ufunguo na unaweza kutoka? Shangazi yangu ana stationeri na laptopu yake ni ya mtumba, bado inachapa kazi vizuri kabisa, Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuihudumia Windows 10 bure na ya 11 ikaikataa mashine kwa sababu ya uzee. Fundi akasema nunua nyingine. Mi nikachukua fleshi nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kama dakika ishirini hivi imeisha.

Linux nayo haina makao makuu. Linus Torvalds aliitoa kiini chake 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, baadae kila kundi likachukua likapika la kwake, Debian, Fedora, Ubuntu ambayo ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini 2004, na hiyo Mint imepikwa kutoka kwa Ubuntu. Ukiwa na simu ya Android kiini chake ni hichohicho, kwa hiyo usinambie we Linux huiwezi. Lakini uhuru huo una karaha zake. Mtu anataka kuanza tu anaulizwa achague kati ya Linux hamsini, kama vile Mastodon inavyokuuliza seva gani kabla hujaona hata posti moja, na wengi wanaishia hapo. Mi ushauri wangu usizunguke, chukua anayotumia rafiki ambaye utampigia simu ikikwama. Kwa seva pia, angalia tu nani anaiendesha, sheria zake na hela ya bili anaitoa wapi, maana ya bure kabisa isiyoeleweka ndo huwa inazimwa usiku mmoja.

Kwa shangazi printa ilinisumbua siku mbili, na faili za wateja za Word zikifunguliwa kwenye LibreOffice, programu ya bure inayoshika nafasi ya Word, kuna wakati jedwali linakimbilia ukurasa wa pili. Kwa kazi za chuo zenye jedwali jingi bado anaenda kwa jirani. Mengine yote anafanya humohumo, na akiulizwa anasema kapigiwa window ya kijani.